Nani Ashike Daftari la Likasi?

Kila mwezi wa Juni Lubumbashi hupokea wageni wa mkutano mkubwa wa madini, na miaka hii ni nadra kikao kumalizika bila mtu kutaja uchumi wa mzunguko. Maelezo yanafanana popote unapoyasikia. Katanga, tunaambiwa, imeishi zaidi ya miaka mia moja kwa kuchimba, kuyeyusha, kuuza na kutupa. Sasa teknolojia ya kidijitali imefika kutubadilisha. Vihisi vitapima maji ya viwanda, droni zitachora marundo ya mabaki, blokcheni itafuata kila gunia la kobalti kutoka shimoni hadi kwenye gari la umeme barani Ulaya, na akili bandia itatuonyesha pa kuchimbua upya kile tulichotupa. Maarifa tusiyokuwa nayo yataletwa, na taka zitageuka mali. Viongozi wameyapokea maneno hayo, na wanafunzi wanayaweka katika tasnifu zao kama jambo lisilo na ubishi.

Mimi nayabishia. Mashine sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hadithi inayokuja pamoja na mashine, kwamba mzunguko ni kitu kigeni kwetu na kwamba maarifa yake yanatoka nje kuja ndani. Nenda Likasi, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya Kolwezi, utaona kinyume chake. Mzunguko ulikuwepo pale kabla ya kompyuta. Ulivunjika waliokuwa wakiuendesha walipotawanywa na madaftari yao yakabaki bila msomaji. Na vyombo vya kidijitali tunavyoletewa leo vinayakusanya maarifa ya Likasi na kuyapeleka kwa mtu mwingine.

Tuanze na Shituru, maana ndipo hadithi hiyo inapoangukia. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa umeme mwaka 1929, mwenye mali akiwa Union Minière du Haut-Katanga. Mawe mengi ya eneo hili ni malakaiti, yale ya kijani, ambayo huyeyuka katika tindikali ya salfa. Swali la wahandisi lilikuwa tindikali hiyo itoke wapi, katikati ya bara, siku nyingi za treni kutoka bandari yoyote. Jibu lilikuwa Kipushi, mpakani na Zambia, ambako zinki iko ardhini imeshikamana na salfa. Kwa miaka mingi makinikia ya zinki ya Kipushi yaliletwa Likasi kwa reli na kuchomwa. Moshi wake wa salfa, ambao ukiachwa hewani huua miti na kukausha vifua vya watu, ulikamatwa na kugeuzwa tindikali. Tindikali ikaenda kuyeyusha malakaiti. Zinki iliyokwisha kuchomwa ikapandishwa treni hadi Kolwezi, ambako tangu 1953 kiwanda kingine kiliitoa kama metali safi. Madini ya mji mmoja yalipita katika moshi wa mji wa pili yakaishia kwenye tanuri na mabirika ya mji wa tatu, na kila hatua ililisha nyingine.

Ndani ya Shituru penyewe palikuwa na mzunguko mdogo zaidi, na huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Maji yenye shaba huingia katika mabirika marefu yenye mabamba yaliyoning'inizwa. Umeme ukipita, shaba hutoka majini ikagandana na bamba, na katika kitendo hichohicho tindikali huzaliwa upya. Maji yanayotoka mwisho wa birika yana shaba kidogo na tindikali nyingi, kwa hiyo yanarudishwa mwanzo kuyeyusha mawe mapya. Sehemu yake huchepushwa pembeni, chuma kinaondolewa kwa chokaa, na machimbo ya chokaa ya Kakontwe yako hapohapo mjini, kisha kobalti inavunwa. Kazi hii haiendeshwi kwa kubahatisha. Chuma kikizidi majini, umeme unaliwa bure bila kuganda shaba. Tindikali ikipungua, jiwe linatoka kama lilivyoingia. Ikizidi, chokaa inateketea. Ndiyo maana kiwanda cha aina hii huishi kwa daftari la zamu: saa, gramu za shaba kwa lita, gramu za tindikali, chuma, joto, nguvu ya umeme, na pembeni maneno mawili matatu ambayo fundi anamwachia mwenzake anayeingia usiku. Jedwali la namba kila kiwanda duniani kinalo. Yale maneno ya pembeni ndiyo yanayosema pampu ipi inadanganya, valvu ipi hufungwa kwa mkono wa kushoto, na mawe ya mgodi upi yanapovurugika mvua za Januari zikianza.

Wataalamu wa leo wanauita mpango wa namna hii kwa majina mapya na kuufundisha kwa mifano ya Denmark. Sisi tulikuwa nao, na uliendeshwa miongo na miongo kwa penseli, karatasi, maabara na simu ya waya.

Sisemi ilikuwa pepo. Union Minière ilikuwa kampuni ya wakoloni, na maarifa yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alifundishwa kuendesha kabla ya kuruhusiwa kuelewa, na alielewa hata hivyo. Mzunguko wenyewe haukufungwa pande zote. Maji machafu yaliachiwa mito, na Buluo iliyapeleka hadi ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, ambako watu wanavua samaki mpaka leo. Ninachosema ni kwamba yeyote anayetuambia hatujawahi kufikiri hivi anaanza na uongo, na dawa inayoanzia kwenye uongo kuhusu mgonjwa haiwezi kumponya.

Basi ulivunjika vipi? Jibu la kawaida ni fedha na vipuri. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 2003 kampuni haikufikisha hata tani 30,000. Serikali ya Mobutu ilikuwa imekula mbegu pamoja na mavuno, hilo kila mtu analijua. Lakini pampu iliyokufa hununuliwa nyingine. Kuna kitu kingine kilitoka Likasi miaka ile ambacho hakina duka.

Mwaka 1992 wanasiasa wa Katanga waliwachochea vijana wao dhidi ya raia wenye asili ya Kasai. Likasi iliungua mapema, na Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Maelfu kwa maelfu ya familia zililala kwenye stesheni ya reli ya Likasi wiki baada ya wiki zikingoja treni ya kwenda mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga, maana walizaliwa hapa, na wazee wao waliletwa hapa na kampuni. Watu walikufa pale stesheni na njiani. Dhambi hiyo inatosha kulaaniwa yenyewe bila kuongezewa hesabu ya uchumi. Lakini kwa kuwa tunazungumzia maarifa, ni lazima isemwe: katika umati ule walikuwemo mafundi wa mabirika, wapimaji wa maabara, waendesha tanuri, wachora ramani na walimu wa shule za ufundi. Mji ulijinyang'anya kumbukumbu yake kwa mikono yake.

Kisha ikaja 2003 na mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa mkupuo wa fedha na kuaga. Fedha zilipangiwa hesabu, zikajadiliwa, zikalalamikiwa, na baadhi ya wazee wanadai mpaka leo. Maarifa yaliyotoka mlangoni siku ileile hayakuwa na safu katika hesabu hiyo. Mtu aliyekaa miaka 30 kando ya birika alikwenda kulima mahindi, na kilichokuwa kichwani mwake kikaenda naye shambani.

Tulikuwa na mfano mbele yetu wa namna ya kukiokoa. Tangu mwaka 2000, Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikuwa wakikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji: picha, nyimbo, vyombo vya nyumbani, masimulizi ya wafanyakazi na wajane. Mwaka 2001 Dibwe alichapa kitabu chake juu ya Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Kazi hiyo ilihifadhi jinsi watu walivyoishi. Kazi ya namna hiyo juu ya jinsi walivyoyeyusha shaba bado inangoja mtu, na kila mwaka unaopita makaburi ya Likasi yanaongezeka.

Sasa wale ninaobishana nao watasema: vema, hayo ni majonzi ya zamani, lakini kompyuta ingeweza kuyazuia na inaweza kuyarekebisha. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Droni inaweza kupima ujazo wa rundo kwa asubuhi moja. Kihisi kinaweza kusema maji ya Buluo yamebadilika kabla samaki hawajaelea. Sampuli elfu moja zikiwekwa vizuri kwenye programu zitaonyesha tabaka la kobalti ambalo macho hayalioni. Yote kweli. Kwa hiyo tukitazame chombo cha kidijitali ambacho tayari kimeingia Katanga, kimeenea na kinafanya kazi kila siku.

Wachimbaji wanakiita metorex. Umbo lake ni kama bunduki fupi ya plastiki. Mnunuzi wa depo hukielekeza kwenye madini, hubonyeza, miale ya eksirei inapiga, na katika muda usiotimia dakika kioo chake kidogo kinaandika asilimia ya kobalti na ya shaba. Ukutani pana ubao wa bei, asilimia upande huu, faranga upande ule. Mchimbaji amesimama na magunia yake. Amechimba, amebeba, ameosha, amepepeta, na jiwe lake analijua kwa rangi, kwa uzito mkononi, kwa namna linavyovunjika. Lakini namba iko upande wa pili wa kifaa. Akiona ni ndogo kuliko alivyotegemea, atanung'unika, atabeba magunia yake hadi depo ya jirani, na huko atakutana na metorex nyingine ya mnunuzi mwingine. Amnesty International waliandika hivyo mwaka 2016, kwamba wachimbaji hawana njia huru ya kuhakiki ubora wala uzito wa wanachouza. Mtu yeyote aliyesimama nusu siku kwenye depo angeweza kuwaambia.

Fundisho la metorex ndilo ninalotaka wasomaji wangu walishike. Kifaa hakina kasoro. Kina kasi, kina usahihi, kimezalisha maarifa ambayo miaka ya 1970 yalihitaji maabara nzima. Ila maarifa hayo yanazaliwa mkononi mwa mnunuzi na kubaki huko. Mchimbaji anarudi shimoni hajui zaidi ya alivyojua jana. Wenzetu wa Geita na Chunya, Tanzania, wanalifahamu jambo hili kwa dhahabu: mwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, anayauza kwa bei ya mchanga, na mwenye mitambo ya kuyachenjua ndiye aliyepima sampuli usiku. Teknolojia haikuondoa ujinga, iliugawa upya, na ikauacha wote upande mmoja.

Likuze jambo hilo lifikie ukubwa wa mji. Likasi imezungukwa na marundo na mabwawa ya tope lenye sumu yaliyoachwa na viwanda vya Panda, Shituru na Kambove katika karne nzima ya kazi. Kolwezi ilikuwa na mfano wake: mabaki ya Kingamyambo na Musonoi, ambayo kampuni ya Metalkol ilianza kuyachenjua mwaka 2018 ikayageuza kuwa moja ya vyanzo vikubwa vya kobalti duniani bila kuchimba shimo jipya. Kwa hiyo uwezekano si ndoto. Lakini rundo halina bei mpaka lijulikane, na anayelijua ni yule aliyetoboa matundu na kupeleka sampuli maabara. Wakazi wanaopumua vumbi lake kila Agosti hawajui lina nini. Mwenyekiti wa mtaa hajui. Mara nyingi hata diwani anayetakiwa kujadili masharti hajui, na mbele yake ameketi mtu mwenye jedwali zima kwenye kompyuta ya mapajani. Mazungumzo ya namna hiyo yamekwisha kabla hayajaanza.

Sasa twende kwenye chombo kikubwa zaidi, kile kinachosifiwa kuliko vyote, pasipoti ya betri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme zinazouzwa huko ziwe na kumbukumbu ya kidijitali, ukisoma msimbo wake upate kujua zimetengenezwa na nini na wapi. Kampuni zimejiandaa miaka mingi. Volvo ilianza kufuatilia kobalti kwa blokcheni mwaka 2019. Wanaotetea mpango huu wanasema utafichua utumwa wa mashimoni na kumlazimisha mnunuzi awe mwadilifu. Naomba iwe hivyo.

Lakini kanuni hiyohiyo inasema pia kwamba kuanzia Agosti 2031 asilimia 16 ya kobalti ya betri hizo lazima iwe imerejeshwa kutoka kwenye taka. Ni sharti jema, mpaka uangalie ni taka zipi. Zinazohesabiwa ni taka za viwanda vya betri na taka za bidhaa zilizokwisha tumiwa na watu. Kobalti iliyotolewa kwenye rundo linalochuruzika kuelekea Buluo, kazi ambayo ingesafisha mto, ikafuta rundo na kuacha mlima mwingine bila kuchimbwa, haimo. Kwa kanuni hiyo ni kobalti mpya, sawasawa na iliyotoka ardhini leo asubuhi. Walioiandika walikuwa na takwimu zote za dunia mbele yao, na mzunguko walioufunga unazunguka Ulaya. Kobalti yetu ikishavuka bahari, mabaki yake ni ya huko, na mabaki ya kwetu hayana jina. Hakuna kihisi wala blokcheni itakayolirekebisha hilo, kwa kuwa halikutokana na upungufu wa vihisi. Lilitokana na nani alikaa mezani na nani alikuwa na namba za kuweka mezani.

Aliyekuwa nazo anajulikana. Union Minière ya Ubelgiji, ileile iliyojenga Shituru, ilibadili jina mwaka 2001 ikawa Umicore, na leo inaishi kwa sehemu kubwa kwa kurejesha metali. Kiwanda chake cha Hoboken, mjini Antwerpen, hupokea simu mbovu, kompyuta za zamani na mabaki ya viwanda kutoka pande zote za dunia. Ufundi huo ulikuzwa na vizazi vya wahandisi waliojifunza kuchambua mawe magumu ya Katanga. Wao hawakupoteza daftari. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines, STL, ilianza kupeleka Ubelgiji makinikia ya gerimani yaliyotolewa kwenye lile rundo kuu la Lubumbashi, mlima mweusi wa mabaki ya tanuri lililowashwa mwaka 1911, na anayeisafisha gerimani hiyo ni Umicore. Gerimani yenyewe asili yake ni madini ya Kipushi. Nimefurahi kwamba rundo linafanyiwa kazi na kwamba kampuni yetu ina mkono ndani yake. Lakini hatua yenye ufundi mwingi na thamani kubwa bado iko ng'ambo, na iko huko kwa sababu huko ndiko maarifa yalikotunzwa bila kukatika.

Hata kumbukumbu za miamba yetu ziko huko. Jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lina ramani na ripoti za wanajiolojia wa enzi za ukoloni, na Julai 2025 serikali yetu ilisaini makubaliano na kampuni ya Marekani KoBold Metals ambayo yanahusisha kuziweka kidijitali. Kuzitoa kabatini ni jambo la kupongezwa. Jina la kampuni inayotaka kuzishika ndilo linalonitia wasiwasi: ni kampuni inayotafuta migodi kwa akili bandia.

Nigeuke kidogo upande mwingine, maana kuna wanaoniunga mkono kwa sababu ambazo sizikubali. Hao husema: achaneni na kompyuta, uchumi wa mzunguko wa kweli ni wa wananchi, mwangalieni fundi wa Kikula, hapa Likasi, anayeyeyusha pistoni za malori kwenye pipa lililokatwa, feni ya kupuliza mkaa ikizungushwa kwa pedali ya baisikeli, na jioni akawa na masufuria sita mapya. Namheshimu fundi huyo. Ameshika kalibu ya mchanga kwa mikono yake, anajua unyevu wa mchanga huo kwa kuufinya, na akimimina haongei. Lakini hajui pistoni ile imechanganywa na nini, na mama anayepika maharagwe ndani ya sufuria hilo hajui pia. Kurejesha taka bila maarifa huua. Mombasa waliona. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri chakavu tangu 2007 hadi kufungwa mwaka 2014, risasi ikaingia katika damu ya watoto, mimba zikaharibika, na ilibidi mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wapigane miaka mingi hadi mwaka 2020 mahakama ilipowapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwenye kiwanda kile angeweza kujiita mtu wa uchumi wa mzunguko. Betri ziliingia, risasi ikatoka, hakuna kilichotupwa isipokuwa sumu.

Na sumu yetu imepimwa. Mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi jirani na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Kobalti waliyoikuta haikuwahi kuripotiwa kwa kiwango hicho kwa watu wa kawaida popote duniani. Makala yale yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la kulipia. Watu waliotoa mkojo wao wanaongea Kiswahili. Novemba 2025, maji ya bwawa la kampuni ya CDM yalipomwagika katika vitongoji vya Lubumbashi, wakazi waliyakanyaga bila kujua wanakanyaga nini.

Hivyo ndivyo ninavyolitazama suala la maarifa na teknolojia, na ndiyo maana siwezi kuridhika na hotuba za Juni. Kabla ya kuuliza tununue programu ipi, tuulize daftari litakaa wapi, litaandikwa kwa lugha gani, na nani atakuwa na haki ya kulifungua.

Sheria imeshatupa pa kushika. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inayatambua mabaki kuwa akiba ya madini yenye kibali chake pekee. Ofisi ya serikali ya vibali vya madini, CAMI, ina ramani ya vibali mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona mraba umepewa nani. Kinachokosekana ni kilichomo ndani ya mraba. Kanuni hiyohiyo inazipa mamlaka za mahali asilimia 15 ya mrabaha, na inaitaka kila kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Fedha hizo hujenga vyumba vya madarasa na visima, na ni sawa. Sehemu ndogo tu ingetosha kuanzisha daftari la marundo ya Likasi: kila rundo lilitoka kiwanda gani na miaka gani, kwa njia ipi ya kuyeyusha, lina nini ndani yake, maji yake yanaelekea wapi, mwenye kibali ni nani, na mzee gani aliye hai alifanya kazi kwenye mkondo uliolizaa. Liandikwe Kiswahili na Kifaransa. Nakala moja ikae Chuo Kikuu cha Likasi, nyingine ukumbi wa mji, na zote zisomeke kwa simu ya kawaida, maana umeme wa Likasi hukatika na kompyuta ya ofisi hukatika nao.

Wazee walipwe kwa kuzungumza. Nasema walipwe, kwa saa, kama wanavyolipwa washauri wanaofikia hoteli za Lubumbashi. Kijana wa uhandisi akae na mzee, arekodi, arudi tena na swali la pili, maana la pili ndilo linalofungua yale maneno ya pembeni ya daftari. Mafundi wa karakana nao waingie humo. Impela ya pampu inayoliwa na tindikali huweza kujazwa kwa kuchomelewa, ikachongwa upya na kurudi kazini, lakini vipimo vyake na aina ya chuma chake viko kichwani mwa mtu mmoja au wawili. Picha, vipimo na jina la chuma vikihifadhiwa, Likasi itatengeneza tena kipuri ambacho leo kinaagizwa na kungojwa miezi. Hii ndiyo kazi ambayo kompyuta inaifanya vizuri, na gharama yake ni ndogo kuliko kongamano moja.

Kwenye soko la madini kuwe na metorex ya mji, mali ya vyama vya ushirika vya wachimbaji, inayotoa stakabadhi. Mnunuzi apime yake, muuzaji apime yake, na namba zikitofautiana kuwe na mahali pa kwenda.

Na wakuu wetu watakapokwenda tena Brussels, waende na ombi moja mahususi: kobalti iliyotolewa kwenye mabaki ya zamani, kwa kazi inayosafisha mto na ardhi, ihesabiwe katika ile asilimia 16. Watahitaji ushahidi wa tani, wa miaka na wa maji, rundo kwa rundo. Ushahidi huo hauko Tervuren wala Hoboken. Uko Panda, Shituru na Kambove, kwenye mchanga wenyewe na kwa watu wachache wenye miaka sabini na zaidi, na hiyo 2031 inayowekewa malengo iko karibu kuliko umri wao unavyoruhusu kungoja.